Mianya Minne ya Mzee Wepukhulu

Mzee Wepukhulu alibakiwa na neno moja tu, nalo lilikuwa "asante." Kiharusi kilimkuta shambani kwake Kabuchai akikagua miwa, na alipozinduka hospitalini mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno mengine yote yamekwenda. Akitaka maji, inatoka "asante." Akitaka kumwambia nesi kwamba sindano inauma, "asante." Siku moja alimtukana daktari tusi zito la Kibukusu, lile la kumfanya mtu arudi kwao kuuliza ukoo wake, na daktari akamshika bega akitabasamu. Watu wa Matisi, mtaa wa Kitale ambako binti yake Phelista alimhamishia, walimsifu ajabu. Ati hata ugonjwa haujamwondolea adabu. Adabu gani, jamani! Mtu anawaka hasira mpaka macho yanamtoka, na wao wanamsifia tabia.

Hakuwa mtu wa kusifiwa upole. Miaka yake ya nguvu aliimaliza katika reli, hapo Bungoma, akitengeneza stima za taa za ishara, na wenzake walimwogopa kwa sababu alikuwa hapiti waya uliofungwa ovyo bila kuufungua na kumwita aliyeufunga. Rafiki alikuwa mmoja tu. Huyu ni Inderjit, Kalasinga aliyeuza balbu, swichi na waya mjini. Walijuana kwa kugombania bei, wakaendelea kujuana kwa kugombania kila kitu kingine. Halafu dada yake Inderjit akamtumia kutoka ng'ambo sanduku la kitreni cha kuchezea, injini ndogo ya kutoshea kiganjani, na wazee wawili wakarukwa na akili.

Ndiyo, walirukwa. Walijifungia nyuma ya duka kila Jumapili mchana, wakatandaza ubao wa ukubwa wa kitanda cha wanandoa, wakaunda reli ya kutoka Bungoma hadi Kitale. Reli ya kweli ingekuzungusha huko upande wa Eldoret kwanza, lakini ubao ulikuwa wao na hawakumwomba mtu ruhusa. Lajwanti, mke wa Inderjit, aliwaletea chai na kuwauliza kama watoto wameshiba mchezo.

Sasa, kitreni kama kile hakina waya wa kukifuata nyuma. Stima inapanda kwa reli ya kushoto, inapita kwenye mota tumboni mwa injini, inarudi kwa reli ya kulia. Reli hizo mbili zikigusana popote pale, basi, ni shoti: transfoma inayoipa treni moto inanguruma, inanuka, mchezo umekwisha. Hilo hata mtoto analielewa. Tatizo lilikuwa Inderjit. Hakutaka treni ifike Kitale halafu irudi kinyumenyume. "Wepukhulu bwana," alisema, "mtu wa heshima anarudi nyumbani uso mbele." Kwa hiyo pale Kitale wakaipinda reli ikazunguka, ikaja kuungana na njia ileile iliyotokea. Wakawasha. Transfoma ikafa. Wakaweka nyingine, nayo ikafa. Inderjit akamkejeli mwenzake kuwa ni fundi wa taa za Krismasi, na Wepukhulu akamwambia yeye arudi kaunta akauze balbu.

Kumbe ukiipinda reli ikajirudia yenyewe, ya kushoto inakwenda kukutana na ya kulia! Wepukhulu aligundua siri hiyo akiwa kanisani, katikati ya mahubiri, akatoka nje bila kungoja baraka. Dawa ilikuwa kuikata reli kwa makusudi. Mianya minne: miwili pale treni inapoingia kwenye mzunguko na miwili pale inapotoka, kila mmoja mwembamba kama ukucha. Ndani ya kila mwanya akachomeka kipande cha plastiki alichokikata kwenye kifuniko cha mkebe wa siagi, ili chuma kisiguse chuma. Mzunguko ukapewa waya zake wenyewe, na njia kuu ikawekewa swichi ya kugeuza moto, wa kushoto uhamie kulia. Treni ikiwa ndani ya mzunguko unaigeuza swichi, nayo inatoka kuelekea Bungoma bila hata kusita. Mara ya kwanza ilipofanya hivyo Inderjit alilia. Lajwanti aliyaona machozi hayo, na hakumtania.

Inderjit alipofariki, Lajwanti aliukabidhi ubao kwa Wepukhulu, naye akaenda nao Kabuchai. Halafu ndiyo hiyo, kiharusi. Phelista, mwalimu wa shule ya msingi, binti mwenye moyo kuliko nguvu, akamleta baba yake Kitale, na ubao ukaja nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mahindi. Ulipofika, waya za chini zilikuwa zimechomoka kama utumbo wa kuku.

Mambo yangeishia hapo lakini Lajwanti akapiga simu. Alikuwa anahamia Kanada kwa mwanawe, moja kwa moja, bila kurudi. Kabla ya kuondoka angekuja Kitale kwa dada yake, na Jumamosi angepitia Matisi kuona kitu kimoja tu: treni ya mzee wake ikienda na kurudi. Angeichukua kwenye simu, awaonyeshe wajukuu babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Wepukhulu aliyasikia yote hayo kutoka kwenye spika, na moyo wake, ambao ulikuwa umekaa tu tangu shambani, ukaanza kutaka kitu. Alitaka Lajwanti aione ikirudi uso mbele. Basi. Hakuomba kutembea, hakuomba kusema.

Phelista akamwita Derrick, fundi wa kufunga stima manyumbani, kijana ambaye nusu ya nyumba za Matisi zinawaka kwa mkono wake. Usimtafutie ubaya Derrick, hana. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mzee kwa mikono miwili, akaingia chini ya ubao. Siku hiyo ya kwanza Wepukhulu alikuwa na raha. Kijana alikuwa na mkono mzuri. Alivua ganda la waya bila kuumiza nyuzi, akaunga, akalehemu, akavika kila kiungo tepu nyeusi. Mzee akasema "asante" na kwa mara ya kwanza tangu augue, neno hilo lilikuwa ndilo hasa alilokusudia.

Halafu Derrick akaja juu ya ubao, akapitisha kidole kwenye reli, akafika pale Kitale na kusimama.

"Ala! Kumbe shida iko hapa," alisema. "Madam, kuja uone. Reli imekatika. Na hapa pia. Ati mtu amejaribu kuziba na plastiki! Si huyu ni fundi wa jua kali."

"Asante!" Wepukhulu alisema.

"Usijali mzee, tutazifunga vizuri."

"Asante! Asante! Asante!" Mzee alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa ngumi yake ya kushoto, mate yanamtoka, na Phelista akamfuta kwa leso huku macho yake yakilengalenga kwa furaha. Alikuwa hajamwona baba amechangamka hivyo. Derrick akavichokoa vile vipande vinne kwa ncha ya bisibisi, akavipuliza kutoka kwenye ubao kama makombo ya mkate, akajaza kila mwanya risasi ya kulehemu mpaka reli ikawa moja, laini, inang'aa. Kazi safi. Hata Wepukhulu, kwa uchungu wote aliokuwa nao, aliona kuwa ni kazi safi. Kisha kijana akakuta waya za mzunguko zimekwenda peke yake, akaziunga na za njia kuu, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kama nyumba yoyote ya watu wenye akili.

Walipowasha, transfoma ilinguruma.

Derrick alihangaika mchana kutwa. Alifungua, akafunga, akapima. Jioni, baada ya fundi kuondoka amekunja uso, Wepukhulu alimwashiria binti yake amletee kalamu. Herufi zilikuwa zimemtoroka pamoja na maneno, lakini kuchora je? Akakaza kalamu kwa mkono wa kushoto, jasho linamtiririka, akachora ule mzunguko wa reli, na juu yake akaweka alama za mikato. Phelista akaigeuza karatasi huku na huku. Umbo la mviringo, limechongoka upande mmoja, lina nyufa.

"Yai, Baba? Unataka mayai?"

"Asante," alisema Wepukhulu, na akafumba macho.

Akakaangiwa mayai mawili. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Huyu aliulizwa, na kuulizwa hakukumsaidia chochote. Aliyala, maana njaa nayo haina aibu.

Kesho yake Derrick akaja na suluhisho. Aling'oa kipande kizima cha reli pale Kitale, mwishoni mwa mzunguko, na shoti ikatoweka. Treni sasa ilitoka Bungoma vizuri, ikafika Kitale, ikazunguka mpaka penye pengo, ikasimama. Ukiugeuza moto, inarudi kinyumenyume njia nzima mpaka nyumbani. Phelista alipiga vigelegele. Derrick alijifuta uso, amechoka, amefurahi, na hakuna aliyemwangalia mzee kwenye kiti.

Jumamosi Lajwanti alikuja na pakiti ya chevda ya kutafuna na shali ya kumfunika Wepukhulu miguu. Alikuwa amezeeka. Aliushika ule mkono uliokufa, akakaa nao mapajani mwake kama mkono wowote, akasema, "Bwana Wepukhulu, tumebaki sisi wawili sasa." Kisha akatoa simu, na Derrick akawasha.

Treni ikaenda. Lajwanti alikuwa akitabasamu nyuma ya simu. Ikafika Kitale, ikazunguka, ikasimama. Ikaanza kurudi nyumanyuma, mkia mbele, na tabasamu likamwisha.

"Mbona inarudi hivi?" aliuliza. "Ilikuwa inazunguka, inakuja uso mbele. Mzee wangu alikuwa hataki kabisa irudi kinyume."

Wepukhulu alijiinua kitini hata akakaribia kuanguka. "Asante! Asante! Asante!" Alikuwa akisema: mwambie tena, Lajwanti, mwambie, usinyamaze, angalia pale penye risasi.

"Haiwezekani, mama," Derrick alimjibu kwa heshima. "Nimejaribu mimi mwenyewe. Ikizunguka hivyo lazima ipige shoti. Hakuna stima ya kufanya hivyo."

"Lakini niliiona."

"Pengine ilikuwa inaonekana tu hivyo, mama. Miaka mingi."

Lajwanti akautazama ubao. Akamtazama Wepukhulu, ambaye alikuwa akimwambia asante, asante, kwa sauti ya kukwaruza. "Basi nimesahau," alisema hatimaye. "Uzee huu. Nilikuwa naona kabisa machozi yake siku ile, kumbe ni mimi natunga." Akaifuta ile video aliyoanza, akachukua nyingine fupi, treni ikienda tu. Alipoondoka aliahidi kwamba Jumatatu asubuhi, akielekea kiwanja cha ndege, angepitia kuaga.

Jumatatu. Wepukhulu alilishika neno hilo. Jumapili Phelista alipokwenda kanisani, mzee alijikokota kutoka kitini, akiburuta mguu kwa kushikilia ukuta, hadi kwenye boksi la vyuma lililokuja na ubao. Akatoa kipande cha msumeno wa chuma. Akaulalia ubao kwa kifua ili usicheze, akaanza kukata. Kipande cha reli kilichong'olewa, na zile waya, vingefuata; kwanza mianya. Mkono wa kushoto haujawahi kukata kitu. Msumeno uliteleza, ukamchana kidole, ukarudi. Damu ikashuka kwenye mji wa Kitale. Alikata, akapumzika, akakata, mpaka akauona mwanya wa kwanza umefunguka, mwembamba kama ukucha, palepale pake. Alicheka peke yake kwa koo. Akauelekeza msumeno kwenye wa pili.

Hapo Phelista akaingia na Biblia mkononi, akamkuta baba yake amelala juu ya treni, ana damu, anaikatakata.

"Woi, Baba! Wacha! Wacha jamani!" Alimpokonya msumeno. Walivutana, na mtu wa mkono mmoja hashindi mvutano. Phelista alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Alikuwa ameelewa, alidhani ameelewa: treni ile ilikuwa inamtesa. Inamkumbusha rafiki, inamkumbusha mikono yake ya zamani, na yeye kwa ujinga wake ameiweka mbele ya macho yake kila siku. "Nisamehe Baba," alisema akimfunga kidole. "Nimekuumiza bila kujua. Nitaiondoa, hutaiona tena. Nitawapa watoto wa kanisani." Alikuwa mkweli kabisa, na hilo ndilo lilimvunja mzee nguvu. Mtu anayekuonea unaweza kumchukia. Huyu angemchukia kwa lipi?

Jumatatu asubuhi Derrick alikuja na mkokoteni. Lajwanti naye alikuwa amefika kuaga, amesimama mlangoni na mkoba wake, teksi inamngoja barabarani. Derrick aliushika ubao upande mmoja, kisha akauweka tena chini.

"Hapa pamekatika," alisema. "Ngoja kidogo, madam. Siwezi kuwapelekea watoto kitu kibovu."

Akachomeka chuma cha kulehemu kwenye soketi, kikapata moto. Lajwanti akainama karibu kutazama, akasema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi kama huyu. Moshi mwembamba wa risasi ukapanda. Wepukhulu aliwaangalia wote watatu, mmoja baada ya mwingine, watu waliompenda, na safari hii hakupiga kiti. Alilisema polepole, kwa kunong'ona, akiwasihi.

"Asante."

"Karibu, mzee," alisema Derrick bila kuinua kichwa. "Ni kazi ndogo tu hii." Akapuliza risasi ikapoa, kisha akapitisha kidole juu ya reli, huku na huku, kuhakikisha hakuna mwanya.