Mashua ya Bwana wa Gereji

Injini ya kwanza ya mashua niliyoiona maishani niliiona Embu, mji ambao mito yake mtu huvuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Mimi ni mtu wa Mikinduri, Meru, lakini wakati huo nilikuwa fundi wa magari katika gereji ya mzungu mmoja pale mjini, na sikuweza kwenda hata buchani bila kitabu cha pasi mfukoni.

Bwana alikuwa wakala wa kampuni moja ya magari ya Ulaya. Kampuni ile iliunda malori imara, hilo silikatai. Lakini wakubwa wake waliposhiba wakaanza kuunda injini za mashua za mashindano, na bwana wetu aliposoma habari hizo kwenye jarida lao akashikwa na wazimu. Alibandika picha ya mashua ukutani, juu kabisa ya benchi yangu ya kazi, akaniambia kwa Kiswahili chake:

"Miaka kidogo tu, hii kampuni naacha lori. Yote tatengeneza injini ya mashua."

"Na lori, bwana?"

"Lori ni ya watu hapana akili."

Wakati akisema hayo, mimi nilikuwa nimelala chini ya lori, grisi ikinidondokea machoni. Chakula chote alichokula kilitoka kwenye malori.

Aliandika barua, akabembeleza, mpaka wakamletea injini moja ya kujaribu. Ilifika Sagana kwa treni, ndani ya sanduku zuri kuliko nyumba nyingi nilizozijua. Kibali cha kuisafirisha kilipatikana asubuhi moja, na ikapewa askari wawili wenye bunduki wa kuisindikiza. Wiki hiyohiyo dada yangu, aliyeolewa upande wa Runyenjes, alikuwa ameomba kibali cha kumpeleka mama mkwe wake hospitali. Alisimama foleni siku tatu. Siku ya nne mama mkwe akamwambia asijisumbue tena, na kweli, kufikia jioni hakukuwa na wa kupelekwa. Injini haikuumwa popote, nayo ikapita.

Kazi ya kuifunga ilikuwa yangu. Nitasema kweli, ilikuwa na sura. Silinda zake ziling'aa, kabureta zake zilikuwa nne, na ilipounguruma mara ya kwanza pale gerejini kuku wote wa jirani walipotea. Lakini ilikunywa petroli kama shemeji kwenye pombe ya ruracio, siku ya kupokea mahari, na uwezo wake wote ulikuwa jambo moja tu: kukimbia.

Nikapata wazo, na nikawa mjinga wa kulisema. Kijiji ambamo serikali iliwafungia dada yangu na wenzake kilikuwa juu ya kilima, na mto uko chini. Wanawake waliruhusiwa kuteka maji saa moja kwa siku, homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali, wakiwasimamia. Ikawa siku zingine saa inaisha mtungi haujajaa, kwa sababu mchana kutwa walikuwa wakichimbishwa handaki la kukizunguka kijiji. Nikamwambia bwana kwamba kule stoo kuna injini kuukuu ya lori, na mimi naweza kuigeuza iwe pampu, kwa muda wangu mwenyewe.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Injini hapana ya kubebea bibi maji," akasema. "Wewe fikiri kidogo sana."

Mashua yenyewe iliundwa na seremala mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Embu, aliyezoea kutengeneza vitanda na milango ya maduka. Hakuwahi kuona bahari. Alichora kutoka kwenye ile picha ya ukutani, penseli sikioni, akicheka peke yake.

"Fundi," aliniuliza siku moja, "hiki chombo kitakimbilia wapi?"

"Mto Tana, mzee."

"Tana ya hapa chini? Ya viboko?"

"Hiyohiyo."

Akapiga randa mara mbili, tatu. "Basi nitakikaza misumari. Kiboko hapendi kitu kilegevu."

Siku ya majaribio tulishuka nyanda za chini, kwenye nchi ya Wambeere, jua likichoma. Bwana alialika ofisa mmoja wa serikali, wakaja na wake zao wenye miavuli. Wafugaji wa pale walikuwa wameamriwa kuondoa ng'ombe wao mtoni tangu asubuhi ili wageni wasisumbuliwe, na ng'ombe walilia kwa kiu vichakani huku watu wale wakila sandwichi.

Nilimwendea bwana. "Bwana, mto una mchanga mwingi. Injini hii ina pampu yake inayovuta maji ya mto kuipoza. Itavuta na mchanga."

"Wewe nyamaza."

Yeye na ofisa wakapanda. Injini ikaunguruma, mashua ikanyanyua pua, wake zao wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha moshi mweusi ulitoka, ukasikika mlio kama chuma kinachokatwa, kisha kimya. Injini ilikuwa imenoki, imekwama kabisa. Mkondo ukawachukua taratibu, ukawakalisha kwenye kisiwa cha mchanga, mabwana wawili waliovaa kofia nyeupe, na viboko sita wakiinua macho kuwatazama.

Nani aliyewatoa? Wafugaji walewale waliofukuzwa. Walishuka na kamba za ngozi, wakaingia mpaka kifuani, wakawavuta. Ofisa alifika ukingoni bila kiatu kimoja. Hakutoa asante, alitaka kuona vipande vyao vya utambulisho.

Bwana hakuweza kuiandikia kampuni kwamba aliingiza injini yao kwenye matope. Akaandika kwamba fundi Mwafrika alisahau oili. Nilifukuzwa siku iliyofuata, pasi yangu ikapigwa mhuri wa kurudi Meru. Nilikasirika sana. Oili niliipima mwenyewe mara mbili, na nilijua hakuna ofisi Embu nzima ambayo ingenisikiliza.

Nilikwenda Ruiri, hukohuko Meru, nikapata kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi. Injini yake ilikuwa nzee, ya silinda moja, na haikuwa na mbio hata kidogo. Siku moja seremala akanitembelea, akiwa amekuja kununua mbuzi. Akakaa juu ya gunia, akanipa habari.

Kampuni ilituma mtu wao. Aliifungua injini, akakuta mchanga umejaa mpaka ndani, oili iko. Alimwambia bwana hivyo hivyo mbele ya wafanyakazi. Tena akamwambia kwamba huko Ulaya wakubwa wameshaifunga idara ya mashua. Hawatatia hata senti nyingine. Malori ndiyo yanayolisha, mashua ilikuwa ya kupigia picha.

"Bwana alisema nini?" niliuliza.

"Aliuliza kama wataanza tena."

Hapo nilicheka. Tangu siku hiyo nimesikia makampuni mengi ya magari yakijitia kwenye mashua za mbio, na kila mara nakumbuka jibu ambalo ningempa bwana: wataanza tena watakaposhiba, na wataacha tena njaa ikibisha hodi. Si mapenzi ya maji. Mwenye magari anapenda maji kama paka.

Dada yangu aliteka kwa mtungi mpaka vijiji vilipovunjwa. Pampu haikuja.

"Bwana anataka urudi," seremala akasema. "Amekosa fundi wa malori."

Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao ya mahindi mlangoni pa kinu. "Mwambie nina kazi," nikasema, nikainuka kumwaga mahindi ya aliyekuwa wa kwanza.