Kitambaa Chekundu cha Shimo la Viazi

Nilipokuwa mtoto kwetu Vitengeni, nusura nimuue mdogo wangu kwa kiazi kitamu, au ndivyo nilivyoamini.

Kila baada ya mavuno, Hawe, nyanya yetu mzaa baba, alichimba shimo nyuma ya jiko. Alitandaza majivu, akapanga viazi visivyo na jeraha, akatia majani makavu ya mwarobaini, majivu tena, kisha akashindilia udongo juu. Dawa za dukani hakuzitaka karibu na chakula chake. Asubuhi alikagua udongo ule, na akiona ufa, hata mwembamba kama uzi, aliuziba. Fukusi, wale wadudu weusi wenye pua ndefu, hupitia hapo hapo.

Mwisho alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Hicho kilikuwa kirapho, kiapo cha kumnasa mwizi.

"Atakayekula humu bila mimi kujua," alituambia, "tumbo litamvimba hata lipasuke."

Lakini njaa haina adabu. Mwaka ule mahindi yalikauka, na mimi nikachimbua shimo kwa upande wa ua, chini ya kichaka, ambako niliona kitambaa hakiwezi kuniona. Nilikula na Kazungu, mdogo wangu wa miaka sita. Tulivila vibichi, maana moshi ungetusema. Tundu nililiziba kwa majani tu. Tuliendelea hivyo karibu wiki tatu.

Adhuhuri moja Kazungu akajishika tumbo. "Kadzo, linakaza."

Lilikuwa limevimba kweli. Nikapapasa langu, nikawa nangoja zamu yangu.

"Mtoto huyu amekula nini?" Hawe akauliza.

"Sijui, Hawe."

Siku mbili nilisema sijui. Niliogopa kipigo, niliogopa kifo, na kitambaa kilipopepea nilikimbilia ndani. Siku ya tatu Kazungu alishindwa hata kunywa maji. Nikamwangukia Hawe miguuni.

"Ni viazi vya shimoni. Nilimpa mimi."

Hakunipiga. Aling'oa kitambaa, akakilowesha maji, akampangusa Kazungu tumbo akisema, "Mwenye mali ni mimi, na nimesamehe. Mwachie." Kisha akaenda shimoni. Fukusi walikuwa wakitambaa kwenye tundu langu. Kila kiazi alichokata kilikuwa na vijia vyeusi na harufu chungu. Zaidi ya nusu ya chakula chetu kilikuwa kimeharibika.

"Ungeniambia siku ile ile, ningeziba," alisema, akaketi palepale kwenye udongo. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Alfajiri Kazungu alijamba hadi kuku wakashtuka bandani, na tumbo likanywea.

Leo najua kiazi kibichi humvimbisha mtoto bila msaada wa kirapho. Hata hivyo, usinitume nipite karibu na kitambaa chekundu. Nina shimo langu, majivu na mwarobaini vilevile, na nyufa naziziba kila asubuhi. Kitambaa sikuweka. Wanangu nimewaambia wakiwa na njaa waseme.

Kazungu siku hizi ana kitambi. Akija kunitembelea hukipigapiga na kusema, "Kirapho cha Hawe bado hakijaniachia!" Nami hucheka naye. Anajua niliiba. Zile siku mbili nilizomtazama akigaagaa huku nikijua kinachomuua, sijamwambia hadi leo.