Injini Mbili kwenye Pipa Moja

Mwanangu, ile siku nilipozinyamazisha injini mbili kwa mpigo naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alikuwa akinuna kila nikisema hivyo. Hebu sogea nikusimulie. Si jambo la kujivunia, lakini mpaka leo nikilikumbuka namshukuru Mungu kwa watu alionipa.

Wakati huo vitongoji vyetu vya juu ya Lukozi vilikuwa vimeshaunganishwa kuwa kijiji cha ujamaa, na kijiji kilikuwa kimepata mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini, na kamati ilinipeleka Lushoto mjini wiki kadhaa kujifunza kuiendesha. Uamuzi huo ulizua maneno. Mwenyekiti alimtaka mpwa wake. Wanawake ndio walionipigania mkutanoni. Walisema wao ndio wanaobeba mahindi kichwani, basi wao ndio wamchague wa kuyasaga. Nilirudi na ovaroli ya bluu iliyonizidi miguu, na kichwa kimevimba.

Kibandani kulikuwa na injini mbili za dizeli. Kubwa ndiyo iliyosaga kila siku, ikivuta mafuta kwenye pipa lililokaa juu ya jukwaa la mbao nje ya ukuta. Ndogo ilikuwa ya akiba. Kubwa ikigoma, unahamishia mkanda kwenye ndogo, na unga unatoka, polepole lakini unatoka. Hiyo ndogo ilikuwa na tangi lake mgongoni, na kulijaza ilikuwa kero tupu: uchote dizeli kwa jagi, uichuje kwa kitambaa, uimimine taratibu, na bado nyingine ikumwagikie. Mikono yangu ilinuka dizeli, na wanawake walianza kulalamika kwamba ugali wao nao unanuka.

Nikajiona nina akili. Nilitafuta kipande cha bomba chenye njia tatu, mpira na vibano viwili, nikaiunganisha ile ndogo kwenye bomba la kubwa, chini kabisa ya pipa. Sikumuuliza mtu. Tangi dogo nikalitupa stoo. Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa kijiji, nilisimama nikatoa hotuba. Nikasema, kama sisi tunavyolima shamba moja na kuweka ghala moja, basi na mashine zetu sasa zinakunywa pipa moja. Mwanangu, walipiga makofi! Hata mwenyekiti alipiga. Nilitembea kurudi nyumbani kama nimeolewa na mfalme.

Kesho yake alipita Mzee Hoza. Huyu alikuwa mtu wa kwetu aliyeumaliza ujana wake Tanga, fundi wa injini kwenye boti za bandarini, kisha akarudi mlimani kulima kabichi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akainama kuangalia kazi yangu.

"Mjukuu wangu, hii ndogo mlipewa ya nini?"

Nikamrudia hotuba yote, tena kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," akaenda zake. Nikamcheka kimoyomoyo, nikidhani uzee umemchosha.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimetukwepa. Serikali ilituletea mahindi ya msaada, yale ya njano, na siku ya kuyasaga wanawake walipanda kutoka kila kitongoji. Foleni ilizunguka kibanda mara mbili. Wengine walikuwa wameacha watoto nyumbani hawajala tangu jana yake. Nilikuwa nimesaga madebe matano tu injini kubwa ilipokohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Sikushtuka. Niliwaambia wale akina mama wasiwe na wasiwasi, ndogo ipo kwa siku kama hii. Nikahamisha mkanda, nikazungusha hendeli, ikawaka. Ikasaga kidogo. Halafu nayo ikakohoa vilevile, ikazima, na kukawa kimya kwenye kile kibanda.

Nilizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Hakuna kitu. Mwenyekiti alifika, akafungua koki ya pipa, akakinga mafuta kwenye chupa. Chini ya dizeli yalikaa maji. Basi ikawa kelele. Pipa lile lilikuwa limeletwa na Saidi, dereva wa lori kutoka Mombo, kijana mpole ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja kijijini kwetu. Mwenyekiti alisema Saidi ametia maji kwenye mafuta ya umma, kwamba huyo ni mhujumu, na kwamba barua itaandikwa wilayani siku hiyohiyo. Neno mhujumu miaka ile halikuwa neno la mchezo, mwanangu. Na mimi, nisikufiche, nilifurahi. Niliona mzigo umepata punda, na mashine yangu itabaki yangu.

Katikati ya kelele Mzee Hoza alinishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya kibanda. Hakunifokea. Aliongea chini chini, nami nilitamani angefoka.

"Maji kidogo ndani ya pipa si ajabu huku kwetu kwenye ukungu," alisema. "Hayakutiwa na mtu. Yanajikusanya yenyewe, yanakaa chini, nawe umezinywesha zote mbili kutoka hukohuko chini. Kwenye boti tulikuwa na injini ndogo pia. Kubwa ikifa katikati ya maji, hiyo ndogo ndiyo inayokufikisha kwa mkeo. Haiwezi kukufikisha kama imekunywa sumu ileile." Akaniuliza: "Nyumbani kwenu moto ukizimika asubuhi, mnafanyaje?"

Nikamwambia mama hunituma kwa jirani na kigae, kuomba kaa la moto.

"Je, kama nyumba zote zingekuwa na jiko moja tu, na limezimika, ungebisha hodi kwa nani?"

Kisha akasema neno lililonishangaza kuliko yote. Akasema naye ana kosa, kwa sababu aliliona jambo hili mapema akanyamaza, maana kijiji kizima kilikuwa kimenipigia makofi na hakutaka kuonekana mzee anayepinga ujamaa. "Mimi nitalisema langu," akasema. "Lako sitakusemea."

Mwanangu, kutoka nyuma ya kibanda mpaka mbele ni hatua kumi hivi. Nilijua nikifungua mdomo ovaroli naivua, na mpwa wa mwenyekiti anaivaa. Nilijua pia wale wanawake waliosimama kunipigania wangeaibika mbele ya waume zao. Lakini nilimwona Saidi akilini, akishuka kwenye lori lake bila kujua kinachomngojea. Nikarudi mbele. Nikapanda juu ya gunia, nikasema: Saidi hana kosa, maji yamejikusanya yenyewe, na mimi ndiye niliyezifunga injini mbili kwenye mdomo mmoja, tena bila kuuliza. Mzee Hoza akasema na lake.

Mwenyekiti hakukawia. Akasema basi imejulikana, mashine apewe mtu mwingine. Hapo akajitokeza Mama Zaina, mjane kutoka kitongoji cha bondeni, ambaye mahindi yake yalikuwa bado kichwani.

"Mwenyekiti, huyu sasa anajua mashine inavyokufa," alisema. "Ukituletea mwingine, itabidi tumsubiri naye aiue kwanza."

Wanawake wakacheka, foleni nzima, wakacheka na njaa yao. Mwenyekiti akakosa pa kushika. Nililia pale juu ya gunia bila aibu, na hata sasa nikilisema machozi hayako mbali.

Mzee Hoza alivua koti lake. Tulimwaga maji, tukasafisha machujio, tukatoa hewa kwenye mabomba, nikalirudisha tangi dogo mgongoni mwa injini yake. Akanionyesha kwamba kuunganisha si kosa. Unaweka koki katikati na chujio mbele yake, unatoa mafuta ubavuni mwa pipa badala ya chini, unajaza tangi dogo, kisha unafunga koki mpaka siku nyingine. Kabla jua halijazama wote walikuwa wamepata unga. Niliendesha mashine ile miaka kumi na minne, na Saidi akawa baba wa wanangu.

Sasa sikia ninachokuambia. Changia na wenzako kwa moyo wote, lakini ile akiba yako ya kumsaidia mwenzako iweke pembeni, safi, umeifunga mwenyewe, maana siku wote mkiishiwa hakuna atakayemnyanyua mwingine. Kabla ya kujisifu mbele ya watu, uliza anayejua. Ukikosea, sema mapema, kabla jina la mtu mwingine halijachafuka. Na ukiona kijana anapigiwa makofi kwenye kosa, usinyamaze kwa kuogopa makofi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akujalie mkubwa atakayekukosoa kwa sauti ya chini, na siku utakaposimama kusema "nimekosa," akujalie watu wa kukuambia urudi kazini.