Meno Manne Kabla ya Maulidi

Asubuhi ile ya Jumatatu niliandika kwenye daftari langu, "Leo ndiyo leo," nikapiga mstari mara tatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari, na meno yangu manne ya mbele, ya juu, yameoza hata nikicheka naziba kinywa kwa pembe ya mtandio.

Alkhamisi yake palikuwa na maulidi ya wanawake kwetu Malindi, na mwalimu wangu wa chuoni, anayenisomesha Kurani, kanichagua mimi nifungue kusoma. Mimi, ninayeitwa darasani nikaitika "naam" kwa sauti ya mbu! Ila alinionya: "Herufi za dhali na thaa hazitoki bila meno ya juu. Ukiwa kibogoyo, atasoma binti ammi yako."

Na daktari wa meno ndiyo kwanza kasema meno hayo hayangoji. Lakini, akasema, atang'oa na kuvisha mapya saa ile ile. Wiki moja nyuma alikuwa amening'atisha nta laini apate chapa ya kinywa changu.

Basi Jumatatu hiyo mama akanipeleka. Sindano ya ganzi, koleo, na meno yakilia ndani ya bakuli la bati: ti! ti! ti! ti! Sijapangusa hata machozi, daktari akanitia kitu baridi kinywani.

"Ng'ata."

Nikang'ata. Akanipa kioo. Nilicheka na damu yangu kinywani. Meno!

"Usiyatoe mpaka nikuone kesho," akasema. "Ufizi utavimba, yatakataa kurudi. Wala usisukutue."

Magharibi bibi yangu alinikuta kwenye birika natawadha.

"Toa hayo madude, maji yafike kinywani."

"Bibi, daktari kasema..."

"Daktari ndiye atakayekujibia kaburini?"

Sikuwahi kushindana na bibi maisha yangu. Nikayatoa, nikasukutua, nikasali. Nilipomaliza nikajaribu kuyarudisha, hayaingii! Ufizi umefura kama kitumbua. Akilini nikamwona binti ammi yangu ameshakaa mbele ya chetezo cha udi siku ya maulidi, anasoma mahali pangu. Nikalia kwa sauti, mimi nisiye na sauti.

Mama akanitupia buibui, akanivuta mpaka kwa mwalimu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamwonyesha meno mkononi, mama akamweleza kuwa nimeyatoa nisukutue.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, nayo ikatoka mate matupu.

"Marahaba. Nani kakwambia uyatoe? Kusukutua sunna, mwanangu, si faradhi. Ufizi ukipona utasukutua mpaka uchoke. Haya, piga bismillahi, ng'ata!"

Niling'ata. Maumivu yalipanda mpaka masikioni, kisha kitu kikasema klop.

"Sema dhali."

"Dhali."

"Thaa."

"Thaa." Na tone la damu, lakini thaa kamili, ulimi mahali pake.

"Alkhamisi usichelewe," akasema, akarudi jikoni kwake kama vile hajafanya lolote.

Kesho yake daktari alinigombeza, akayakwangua meno kidogo palipokuwa pananikata, basi.

Na Alkhamisi nilisoma. Dhali ilipokuja niliitoa waziwazi, na pembe ya mtandio imekaa begani, haina kazi. Nilipomaliza nikamsikia bibi nyuma yangu, anamnong'oneza jirani kwa sauti ya kusikika msikiti wa pili:

"Meno mapya yale. Na hata ukitawadha hayatolewi, ulikuwa hujui?"