Kesi ya Kubaki Mlimani

Majirani wote walipoteremka kwenda kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, mimi nilibaki mlimani, kwa sababu kahawa aliyoniachia marehemu baba ilikuwa imeanza kuiva. Katibu kata alinifungia ndani ya stoo ya mahindi, kisha akanipeleka mahakama ya mwanzo.

Hakimu alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, mtu wa sauti ndogo. Akamwuliza katibu, "Kijana huyu kafanya kosa gani?"

"Anakataa maendeleo, mheshimiwa."

"Kosa hilo liko katika sheria ipi?"

Katibu alipekua makaratasi yake. Watu wakacheka. Hakimu akasema kwamba mtu hafungiwi stoo kwa sababu kiongozi amekasirika, na kwamba niko huru kurudi nyumbani kwangu. Sikujua namna ya kumshukuru. Niliinamisha kichwa tu, nikatoka.

Mlimani hapakuwa na moshi wa jirani hata mmoja. Nilichuma kahawa yangu, nikaimaliza. Ilipofika Machi nilifyeka majani, nikayapanga kwenye mteremko, nikaanza kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia. Kazi hiyo kwetu hufanywa na kundi, kwa nyimbo na utani. Mimi nilichimba wiki nzima bila kusema neno na mtu.

Jumapili niliteremka kijijini na mkeka wangu wa kulalia kichwani. Katibu akaniona.

"Haya, mwanasheria! Leo nani kakuleta?"

"Shikamoo," nikasema. "Nimekuja mwenyewe."