Jiwe Chini ya Pipa

Watoto wa mtaani walimtangaza kabla hajafika. "Mama Futi huyo! Ficheni matofali!" Mwenye mchanga nje akaufunika turubai, na mwashi mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akashuka, akakaa kibarazani kama mgeni aliyekuja kusalimia. Mama Futi alipita bila kugeuza shingo. Kwa miaka ishirini na sita ya kukagua majengo kwa niaba ya halmashauri ya jiji, alishajua kwamba ukiona kila kitu hutafika unakokwenda. Tena magoti yalikuwa yakimuuma.

Ilibaki miezi miwili astaafu. Alichotaka ni kimoja tu: aondoke na faili lisilo na doa. Ofisi nzima ilimjua kwa faili hilo, na kwa neno lake moja alilowachosha nalo wakaguzi wapya: jiwe kwanza. Usifungue futikamba kabla hujaliona jiwe la mpaka.

Mkobani alikuwa na barua ya nne ya mwalimu mstaafu, yenye mwandiko wa ubaoni. Jirani yake, fundi cherehani, ameongeza chumba bila kibali, na chumba kimeziba hewa ya jiko lake.

Fundi alimpokea mlangoni, pini zimechomwa kwenye kola ya shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kibali kiko wapi?"

"Kibali niliomba tangu mwezi wa tatu. Nikaambiwa njoo kesho. Hiyo kesho, mama, mpaka leo haijafika."

Mama Futi nusura acheke. Aliijua kesho ya ofisini kwao.

Chumba kilikuwa kidogo, plasta haijakauka pembeni. Mama mzazi wa fundi alikuwa amelala kitandani, ameelekezwa dirishani. Kiharusi kilimchukua upande mmoja mwezi wa tano. Kabla ya chumba hiki alikuwa akilazwa chini ya meza ya cherehani, maana nyumba ya vyumba viwili ilikuwa na watu saba. Aliinua mkono wake mzima.

"Kaa, mwanangu," alisema taratibu, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Umechoka."

Mama Futi akakaa. Hakukumbuka ni lini mtu wa nyumba anayokagua aliwahi kumwambia hivyo.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Chumba kikiwa mita moja na nusu kutoka mpakani, fundi angetozwa faini na kupewa kibali cha kuchelewa. Kikipungua hapo, ni alama nyekundu ukutani, na siku saba za kubomoa.

Mwalimu alikuwa akisubiri ng'ambo ya ua wa michongoma, miwani puani.

"Pima kuanzia hapa kwenye ua. Ni mita moja tu, nimepima mwenyewe."

"Jiwe kwanza, Mwalimu."

"Jiwe la nini tena? Ulipopitisha jiko langu ulipima wapi? Si kwenye ua huu huu? Sahihi yako ninayo, nimeitundika sebuleni!"

Mama Futi aliliangalia jiko. Ndipo akakumbuka. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini, mvua inanyesha, na ua umekatwa vizuri, umenyooka kama rula. Nani angeutilia shaka? Alipima, akasaini, akakimbilia gari la ofisi. Neno la jiwe alilijifunza baadaye, kwa kukemewa na mkubwa wake. Nyumba ile hakuirudia.

Angeweza kupima kwenye ua. Mwalimu angefurahi, faili lingebaki jeupe, na yule mama angerudi chini ya meza.

Akatoa ramani ya viwanja. Akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe la barabarani, akavuka kwenda upande wa Mwalimu, akasimama mbele ya pipa la maji.

"Lisogezeni."

"Pipa langu limekukosea nini?" Mwalimu aliuliza, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Mwalimu na fundi walilisukuma wakihema, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutosukuma. Chini yake, kwenye tope, palikuwa na kichwa cha jiwe chenye namba. Mita nzima kutoka kwenye ua, upande wa Mwalimu; kumbe ua ndio ulioingia kwenye kiwanja cha fundi. Mama Futi akapima. Kutoka kwenye jiwe mpaka chumba cha fundi, mita mbili. Kutoka kwenye jiwe mpaka jiko la Mwalimu, nusu mita.

Futikamba ilirudi yenyewe kwenye kasha.

"Sasa jiko langu?" Mwalimu aliuliza. "Miaka yote hii? Na wewe mwenyewe ndiye uliyelipitisha!"

"Ndiyo, baba. Mimi ndiye niliyekosea. Utapewa nafasi ya kujieleza, na mimi pia."

"Si ungenyamaza? Nani angejua?"

"Nimenyamaza kwa sababu sikujua. Leo nimejua."

Aliomba kigoda, akakaa kivulini na kuweka fomu juu ya goti linalouma kidogo. Penye jina la mkaguzi aliandika jina lake. Chini yake palikuwa na mstari wa aliyesababisha kosa. Akaandika jina lile lile, kwa mwandiko ule ule, kisha akamwomba fundi maji ya kunywa.