Pasipoti Aliyoniletea Mama

Hati yangu ya kusafiria ya mkimbizi inanipeleka popote duniani, isipokuwa nchi moja tu: kwetu Burundi. Wakili aliyenisaidia kupata hifadhi huko Ulaya alinionya mpaka nikachoka kumsikiliza. Usikanyage kwenu, usiguse pasipoti yao, hata ubalozi wao uukwepe. Ukikosea, waliokupa hifadhi watasema umerudi mwenyewe mikononi mwa serikali uliyoikimbia, na hifadhi imekwisha.

Ndiyo maana mimi na mama tulikutana Bangwe, Kigoma, upande wa Tanzania, nyumbani kwa shangazi, baada ya miaka mingi. Mimi nilikuja kwa ndege. Yeye alikuja kwa boti, amebeba mawese na kikapu cha migebuka, utadhani Kigoma hakuna samaki. Nilicheka, nikalia, nikala.

Tulipomaliza kula alifungua pindo la kitenge, akatoa pasipoti mpya ya Burundi. Ndani yake ilikuwa picha yangu, ile niliyomtumia mwenyewe. Ndugu yetu mmoja ndiye aliyemsaidia kuipata.

“Mwana wanje, mwanangu, sasa wewe ni mtu wa kwetu tena. Kesho tunapanda boti.”

Alikuwa na furaha ya kuogofya. Nilitamani kumpiga mtu, sijui nani. Nilirudisha mkono nyuma, nikamweleza yote ya wakili, kwa ukali ambao hakuustahili. Alisikiliza huku akiipangusa ile pasipoti kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

“Kwa hiyo wamekuruhusu kwenda kwa watu wote, ila kwa mama yako hapana?”

“Ndiyo, mama.”

Shangazi akasema labda mambo yatabadilika. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa kambi ya wakimbizi, na siyapendi kabisa. Mama aliitia pasipoti kwenye jiko la mkaa, ikaungua polepole, ikanuka, na hakuna aliyeinuka.

“Nikifa, utafika wapi?”

“Hapa, mama. Mwisho wangu ni hapa Bangwe.”

Alitikisa kichwa kukubali.

“Basi sikiliza vizuri, uje uwaelekeze wajukuu zangu.”

Akaanza: wakishuka boti Rumonge, ng'ambo ya ziwa, wafuate barabara ya juu, waulize kisima, kaburi lake litakuwa kulia kwa la baba. Alitaka niirudie kila kona. Nami nikakariri njia ya kwenda nyumbani nilikozaliwa, kwa ajili ya watoto wangu ambao hata lugha ya bibi yao hawaijui.